Mbuyu Huanza kama Mchicha: Namna ya Kupanda na Kulea Mti Unaostahimili Ukame

Wakati wa palizi katika mashamba ya Ganze, Magarini na Kaloleni, ni rahisi jembe kung'oa mche mdogo wenye shina jembamba na majani mepesi ya kijani. Mwenye shamba huudhania kuwa gugu, akautupa pamoja na nyasi nyingine. Haufanani hata kidogo na ule mti mkubwa ulio pembeni mwa shamba, ambao watoto huokota mabuyu chini yake. Hata hivyo, mche huo ni mbuyu.

Wahenga walisema mbuyu huanza kama mchicha. Methali hii hutumiwa kumtia moyo anayeanza na kidogo, lakini kwa mkulima wa Kilifi ina maana iliyo karibu zaidi. Mbuyu mchanga ni dhaifu kama mchicha, hutafunwa na mbuzi kama mchicha, na usipotambuliwa hung'olewa kama mchicha. Watu wengi wamekulia chini ya mibuyu mikubwa bila kuwahi kuutambua ulio mdogo.

Hapo ndipo penye hatari. Mibuyu mingi inayotoa mabuyu leo haikupandwa na mtu yeyote aliye hai. Iliota yenyewe zamani, wakati mashamba yalikuwa machache na mifugo haikuwa mingi. Mahali ambapo kila mche unaoota huliwa, hulimwa au huchomwa moto, miti mikubwa hubaki kama wazee wasio na wajukuu. Kwa macho yote yaonekana kwamba mibuyu ipo tele, lakini hakuna ya kuirithi.

Mwaka 2022, suala la mibuyu ya Kilifi lilisikika nchini kote baada ya miti mikubwa kadhaa kung'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi nchini Georgia. Mwezi Novemba mwaka huo, Rais William Ruto aliiagiza Wizara ya Mazingira ichunguze jinsi idhini ilivyotolewa. Mjadala ule ulikuwa wa haki, kwa sababu mti wa karne kadhaa haurudishwi kwa miaka kumi. Lakini upotevu mwingine unaendelea kimyakimya, na huo mkulima mwenyewe anaweza kuuzuia bila kusubiri amri ya mtu. Ni upotevu wa miche.

Kwa nini mbuyu hustahimili ukame

Mbuyu ni mti wa asili wa maeneo makavu ya Afrika. Unaweza kuishi mahali panapopata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, kiwango ambacho mahindi hayawezi kukitegemea. Siri yake iko katika mambo matatu.

Kwanza, shina lake si gumu kama la mkwaju au mvule. Ni laini, lenye nyuzinyuzi, na huhifadhi maji mengi. Pili, mbuyu hupukutisha majani kiangazi kinapoanza, hivyo haupotezi maji kupitia majani. Chini ya ganda lake la nje kuna tabaka la kijani linalouwezesha kuendelea kutumia mwanga wa jua hata ukiwa hauna jani hata moja. Tatu, mizizi ya mti mzima husambaa mbali karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo huweza kunufaika hata na mvua ndogo.

Sifa hizi zilionekana wazi katika ukame wa mwaka 2020 hadi mwanzo wa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika kaunti kame za Kenya, Kilifi ikiwa miongoni mwazo. Mahindi yalikauka na mifugo ikafa. Mbuyu nao una matunda ambayo ganda lake gumu huuhifadhi unga wake mkavu kwa miezi mingi, hivyo familia huwa na kitu cha kula au cha kuuza wakati ghala ni tupu.

Wageni wa usiku

Mbuyu haumlishi binadamu peke yake. Maua yake ni makubwa, meupe, na huning'inia kwenye vikonyo virefu. Hufunguka jioni, jua linapotua, na kufikia kesho yake huanza kunyauka na kuanguka. Ua linalofunguka usiku halimngojei kipepeo wa mchana. Linamngojea popo.

Popo wanaokula matunda huvutwa na harufu kali ya maua ya mbuyu. Wanapoingiza vichwa kunywa maji matamu yaliyo ndani, chavua huwashika usoni na kifuani, nao huibeba hadi mti mwingine. Popo mmoja anaweza kuruka kilomita nyingi kwa usiku mmoja, kwa hiyo huunganisha mibuyu ya kijiji kimoja na ya kingine. Komba nao hupanda kunywa maji hayo ya maua, na asubuhi nyuki huja kukusanya chavua iliyobaki.

Baada ya maua, matunda huchukua takriban miezi mitano hadi sita kukomaa. Nyani hupasua mabuyu, wakala unga na kuzitawanya mbegu. Ndovu hufanya vivyo hivyo, na mbegu zinazopitia tumboni mwao hulainika ganda na kuota kwa urahisi zaidi. Matundu ya shina huwa makao ya bundi, kasuku, hondohondo na makundi ya nyuki wa porini, na matawi yake hubeba viota vya kwera. Mti mmoja mkubwa ukianguka, si kivuli pekee kinachopotea. Viumbe wengi huachwa bila makao kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo, anayetaka mabuyu hana budi kumvumilia popo. Baadhi ya popo wa pwani hulala mchana ndani ya mapango ya mawe ya matumbawe. Kuwasha moto mapangoni, kuziba milango yake au kuwaua popo hao kwa imani kwamba ni mkosi hupunguza mavuno ya miti iliyo mbali na pango hilo. Wananchi wanashauriwa wasiwashike popo kwa mikono, kwa kuwa wanyama wa porini huweza kubeba magonjwa, na wasile matunda laini yaliyoumwa na popo. Kuwaacha walale kwa amani kunatosha.

Je, kuna mbuyu dume?

Katika vijiji vingi mti usiozaa, au unaozaa matunda machache, huitwa mbuyu dume, na mara nyingi huo ndio wa kwanza kukatwa shamba linapopanuliwa. Ukweli ni kwamba mbuyu hauna mti wa kiume na mti wa kike kama mpapai. Kila ua la mbuyu lina sehemu za kiume na za kike pamoja.

Mbona basi baadhi ya miti haizai vizuri? Sababu ni kadhaa. Mti unaweza kuwa bado mchanga. Unaweza kuwa umesimama peke yake, kwani mbuyu huzaa vizuri zaidi ukipata chavua ya mti mwingine. Inawezekana pia kwamba popo wamepungua katika eneo hilo. Hata mti ambao kwa asili yake huzaa kidogo hutoa maua na chavua, na chavua hiyo ndiyo inayoweza kuuzalisha mti wa jirani. Anayekata mbuyu dume huenda msimu ujao akashangaa kwamba mbuyu jike nao umepunguza mavuno.

Kuutambua mche ulioota wenyewe

Njia ya gharama ndogo kabisa ya kupata mbuyu ni kuulinda ule ulioota bila kupandwa. Kinachowapotosha wengi ni majani. Jani la mti mzima lina vijani vitano hadi saba vilivyopangika kama vidole vya mkono. Jani la mche mchanga ni moja tu, halijagawanyika. Kadiri mche unavyokua hutoa majani yenye vijani viwili au vitatu, kisha vitano.

Alama nyingine iko chini. Mbuyu mchanga huwa umevimba sehemu ya chini ya shina, na mzizi wake mkuu ni mnene kama karoti au muhogo mdogo. Humo ndimo huhifadhi maji yake. Mkulima anayeona mche wa aina hiyo karibu na mbuyu mkubwa, au mahali ambapo watoto huketi kula mabuyu na kutema mbegu, autie alama kwa kijiti kirefu kabla ya palizi na kuwaonyesha wote wanaolima pamoja naye.

Kuotesha mbegu

Mbegu za mbuyu zina ganda gumu sana. Zikifukiwa kavu kavu, nyingi hukaa ardhini muda mrefu bila kuota. Mkulima anaweza kuzisaidia kwa hatua hizi:

1. Chagua mabuyu yaliyokomaa kutoka kwa miti kadhaa yenye afya, inayozaa vizuri na yenye unga mtamu. Usitegemee mti mmoja.

2. Loweka mbegu kwenye maji ili unga utoke wote, kisha zioshe vizuri. Mbegu zinazoelea baada ya kuoshwa huwa tupu, ziondoe.

3. Lainisha ganda kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kukwaruza au kukata kidogo ganda la kila mbegu kwa msasa au kikata kucha, upande ulio mbali na kitovu cha mbegu, bila kuumiza kiini cheupe kilicho ndani. Kisha loweka kwenye maji baridi kwa saa 24. Ya pili ni kuchemsha maji, kuyaepua, kuyamimina juu ya mbegu na kuziacha humo hadi kesho yake. Mbegu zisichemshwe zikiwa motoni, kwani zitaiva na kufa.

4. Andaa vyombo vyenye kina cha sentimita 30 au zaidi, kwa sababu mzizi mkuu hushuka haraka. Mitungi mirefu ya plastiki iliyokatwa juu na kutobolewa chini inafaa. Jaza mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga na sehemu moja ya samadi iliyooza.

5. Panda mbegu kwa kina cha sentimita 2 hivi. Mwagilia udongo uwe na unyevu lakini usituamishe maji, kwani mbegu na mizizi ya mbuyu huoza upesi mahali palipolowa sana.

Mbegu nyingi zilizotayarishwa hivi huota kati ya wiki ya kwanza na ya nne. Miche iwekwe kwenye kivuli chepesi mwanzoni, kisha izoeshwe jua kidogo kidogo. Anayepanda mbegu mwezi Desemba au Januari atakuwa na miche tayari mvua ndefu zinapoanza mwezi Aprili.

Kuhamishia shambani

Chagua mahali pasipotuama maji. Mbuyu hukubali udongo wa aina nyingi, hata wenye mawe, lakini haupendi kinamasi. Uwe mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba, tangi la maji au kisima, kwani mizizi husambaa mbali na shina hunenepa mno. Kati ya mbuyu na mbuyu iachwe nafasi ya mita 10 hadi 15.

Mashimo ya upana na kina cha sentimita 60 yachimbwe kabla ya mvua. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na samadi, na urudishwe kwanza. Siku ya kupanda, mche utolewe na udongo wake wote bila kukunja wala kukata mzizi mkuu. Kwenye mteremko, tuta dogo la umbo la nusu mwezi upande wa chini litazuia maji ya mvua yasipite. Nyasi kavu zitandazwe kuzunguka mche, lakini zisiguse shina.

Baada ya hapo, adui mkubwa si jua bali ni mbuzi. Mche wa mbuyu ni chakula kitamu kwa mbuzi na ng'ombe, na usiku mmoja bila uzio hutosha kumaliza kazi ya miezi minne. Kila mche uzungushiwe matawi ya miiba yanayozidi urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na uzio huo urekebishwe kila mwaka mpaka matawi ya mti yapite kimo cha mifugo. Anayesafisha shamba kwa moto aache nafasi iliyofyekwa kuzunguka kila mche.

Kuna jambo moja ambalo huwafanya wengi waung'oe mbuyu wao wenyewe. Kiangazi cha kwanza kikifika, mche hupukutisha majani yote na kubaki kijiti kikavu. Hujafa. Mkulima akwaruze ganda kidogo kwa ukucha. Akiona kijani chini yake, mti u hai na unangoja mvua. Katika kiangazi cha kwanza na cha pili, lita chache za maji mara moja kwa wiki au wiki mbili humsaidia sana aliyepanda sehemu kavu. Baada ya hapo mti hujitegemea.

Miaka ya kusubiri

Ni vyema kusema wazi kwamba mbuyu si zao la haraka. Ulioota kutoka kwa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka minane kwa uchache, na mingine huchukua miaka 20 au zaidi. Miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti unaozaa vizuri, inaweza kuanza kuzaa katika miaka mitatu hadi mitano. Kazi hiyo huhitaji ujuzi, na mkulima anayeitaka aanze kwa kuuliza maafisa wa kilimo au wa misitu.

Lakini kusubiri hakuna maana ya shamba kukaa bure. Mtama, kunde, pojo na muhogo hustawi kati ya mibuyu michanga. Hata ikiwa mikubwa, mibuyu haina majani kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo kivuli chake si kizito. Maua na matundu yake huvutia nyuki, kwa hiyo anayetundika mizinga karibu nayo anaweza kupata asali. Aidha, majani machanga ni mboga katika sehemu nyingi za Afrika, nayo huchumwa kwa kiasi ili mti usidhoofike.

Vilevile, Kenya ina kanuni za mwaka 2009 zinazomtaka mwenye shamba kuwa na miti katika asilimia 10 ya ardhi yake, na mpango wa kitaifa wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Swali la kila mkulima ni apande mti gani. Mti wa kigeni unaokua haraka una nafasi yake, lakini mahali ambapo mvua haitabiriki, mti ambao umeyazoea mazingira kwa maelfu ya miaka haupaswi kuachwa nyuma.

Kuvuna bila kuumiza

Mabuyu yanayofaa ni yale yaliyokomaa, yaliyobadilika rangi na yanayotoa sauti ya mbegu kavu yakitikiswa. Yaangushwe kwa mti mrefu wenye ndoano au yaokotwe chini mara yanapodondoka. Kukata tawi zima ili kupata matunda kumi ni kuuza mavuno ya miaka ijayo. Wanaopanda kwa vigingi wakumbuke kwamba wengi wameumia kwa kuanguka.

Mabuyu yahifadhiwe mahali pakavu, juu ya chaga, na yale yaliyopasuka au kuota ukungu yatengwe. Ubuyu una vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa la uzani uleule, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wake uuzwe huko kama chakula. Wanunuzi wa aina hiyo hutaka unga safi na mkavu. Mkulima anayeuza magunia ya mabuyu yaliyochanganyika mazuri na mabovu hupunjwa bei, lakini vikundi vinavyochambua, kukausha na kuuza pamoja huwa na nguvu zaidi ya kujadiliana.

Ganda la shina hutolewa nyuzi za kamba, na Ukambani husukiwa vyondo. Mbuyu una uwezo wa kuotesha ganda jipya, lakini haupaswi kuchunwa mzunguko mzima, wala kuchunwa tena kabla kidonda cha kwanza hakijafunika.

Urithi wa wajukuu

Kwenye magofu ya Gede na Mnarani mibuyu imesimama kati ya kuta ambazo wajenzi wake waliondoka karne nyingi zilizopita. Wazee wa Mijikenda nao wameilinda ndani ya misitu ya Kaya, ambayo iliorodheshwa na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka 2008. Hakuna aliyekula matunda yote ya mti alioulinda. Walio hai leo ndio wanaoyala.

Anayetaka kukata au kung'oa mbuyu kwa sababu yoyote atafute kwanza ushauri na kibali katika ofisi ya misitu iliyo karibu. Anayetaka kupanda anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake kwa maelekezo kuhusu mbegu na mahali panapofaa. Na kabla ya palizi ijayo, kila mwenye shamba anahimizwa azunguke mipaka yake na kuangalia chini. Huenda mbuyu wa wajukuu wake umeshaota, una jani moja, na unachohitaji kwa sasa ni kijiti cha alama na matawi machache ya miiba.